Khan Academy kwa mtoto wa kidato cha kwanza anayefeli hisabati

Nianze na hukumu, mwenye haraka asisumbuke. Kama una mtoto wa kidato cha kwanza anayeleta alama za chini za hisabati, Khan Academy, tovuti ya mafunzo ya bure, ni chombo bora kuliko vyote nilivyowahi kumwekea mwanafunzi mezani, kwa sharti moja: aanze na masomo ya miaka ya nyuma, aachane kwanza na mada anayofundishwa sasa darasani. Kwa fizikia na kemia inasaidia nusu. Kwa lugha na insha usiitegemee. Nikitoa nyota kati ya tano, hisabati naipa nne na nusu, sayansi tatu, lugha mbili.

Nasema haya kama mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Nimefundisha darasa la tano na la sita kwa sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi, na sasa jioni nakaa na vijana wa kidato cha kwanza ambao muhula wa kwanza umewaangusha. Wengine ni watoto wa ndugu zangu, wengine wa majirani. Karibu wote wanakuja na malalamiko yaleyale: "Aljebra ni ngumu." Ukikaa pembeni ukawatazama wanavyokokotoa, unaona upesi kwamba aljebra yenyewe imeonewa.

Chukua mlinganyo 3x + 7 = 22. Huu wanauweza. Wanatoa 7 pande zote mbili, wanabaki na 15, wanagawa kwa 3, x inakuwa 5. Sasa wape 3x + 22 = 7. Hatua ni zilezile, kanuni ni ileile, lakini kalamu inasimama. Inabidi watoe 22 kwenye 7, na hapo mmoja anaandika 15, mwingine 29, wa tatu anakuuliza kama swali limekosewa. Au wape theluthi mbili ya x ni sawa na 8. Anayejua kwamba kugawa kwa sehemu ni kuzidisha kwa kinyume chake anapata 12 kwa mstari mmoja. Asiyejua anafuta na kufuta mpaka karatasi inatoboka.

Ugonjwa uko kwenye namba hasi na sehemu, na namba hasi ndizo zinazonisikitisha zaidi, kwa sababu kosa lake tumelipanda sisi walimu. Mtoto amekariri wimbo wa "hasi na hasi ni chanya". Wimbo huo ni wa kuzidisha na kugawa. Yeye anaubeba mpaka kwenye kujumlisha, na ukimpa -3 - 5 anakujibu 8 bila wasiwasi wowote, kwa sababu ameona alama mbili za kutoa na wimbo umemwambia nini cha kufanya. Anaweza kumaliza mwaka mzima akipata vibaya kila mlinganyo wenye namba hasi, na kila mara mwalimu wake ataandika "rudia milinganyo".

Kuna na alama ya sawasawa. Andika 8 + 4 = ☐ + 5, mwambie ajaze kisanduku. Utashangaa wangapi wanajaza 12. Wanaisoma alama ile kama amri ya kutoa jibu. Hakuna aliyewakalisha akawaambia kwamba inasema upande huu na upande ule vina uzito mmoja. Mtoto anayeisoma kama amri anapoambiwa "fanya pande zote mbili", kwake hayo ni maneno matupu.

Masomo mengi ya ziada niliyoyaona yanamchukua mtoto huyu na kumrudishia mada ileile ya darasani, polepole kidogo na kwa sauti kubwa zaidi. Hapo ndipo Khan Academy inapotofautiana nayo.

Kwa asiyeifahamu: ni shirika lisilo la kibiashara, mafunzo yake hayalipiwi wala hayana matangazo. Mwanzilishi wake, Salman Khan, alianza mwaka 2004 kwa kumfundisha binamu yake kwa mbali. Msichana yule alikuwa amekwama kwenye kubadili vipimo. Mwaka 2006 Khan akaanza kuweka video YouTube, na shirika likaundwa mwaka 2008. Mimi hiki kisa cha mwanzo nakipenda kwa sababu kinaonyesha tatizo lilivyo hasa: mtoto mwerevu, jambo moja la nyuma halikukaa sawa, na jambo hilo moja likataka kuamua atasoma hisabati ya kiwango gani.

Ndani yake kuna kozi kuanzia kuhesabu vitu mpaka hisabati ya chuo. Kwa kazi yetu hii, zilizo muhimu ni mbili: kozi ya hesabu za msingi, na kozi ya maandalizi ya Aljebra 1, ambayo imekusanya yale tu ambayo mtoto anatakiwa awe nayo kabla hajagusa aljebra. Nazitaja hizi kwa makusudi. Zipo pia kozi zilizopangwa kwa darasa, la tano, la sita na kuendelea, na maudhui yanafanana sana, lakini zimeandikwa jina la darasa juu kabisa. Kijana wa dada yangu nilimfungulia ile ya darasa la tano, akaitazama skrini, akaniambia kwa sauti ya chini, "Mama mdogo, hii ni ya watoto. Wenzangu wakiona?" Ana miaka kumi na minne, sauti imeanza kuwa nzito, na mimi namwambia akajifunze na watoto wa miaka kumi. Tukahamia kwenye maandalizi ya Aljebra. Mazoezi karibu yaleyale, jina la heshima. Akakaa.

Mwanzo mzuri ni jaribio la kozi nzima, lenye maswali 30 yaliyochanganywa. Anaweza kulifanya kabla ya kusoma chochote, na anachopata sahihi kinahesabiwa, kwa hiyo halazimiki kupita kwenye mambo anayoyajua. Mwambie wazi kwamba atakosa mengi na kwamba hilo ndilo tunalolitafuta. Ukimaliza unaona ramani: ujuzi huu upo, huu haupo, huu uko nusu. Mimi kwa jicho langu la miaka yote ningehitaji wiki kadhaa za madaftari kupata picha hiyo kwa kila mtoto.

Kila ujuzi una ngazi nne, ambazo kwa lugha yetu ningeziita amejaribu, anafahamu kiasi, ameweza na amebobea. Zoezi moja huwa na maswali machache. Akipata asilimia 70 anapanda mpaka kufahamu kiasi. Akipata yote anafika ameweza. Ngazi ya juu kabisa haipatikani kwenye zoezi. Anaipata baadaye tu, ujuzi uleule ukijitokeza tena ndani ya jaribio la mada au la kozi, ukiwa umechanganywa na mengine, na bado akapata. Akikosa pale, anashuka ngazi.

Vijana wanachukia kushuka. Msichana mmoja, mtoto wa jirani, mwenye bidii sana, alitaka kuacha kabisa siku rangi inayoonyesha ngazi yake ilipopungua kwenye kulinganisha sehemu. "Mwalimu, hii nilishaipata!" Nami nasimama upande wa programu bila kusita. Alishaipata akiwa na video mbele yake na maswali ya aina moja yakifuatana. Mtihani wa shule hauji hivyo. Unakuja wiki sita baadaye, swali la sehemu likiwa kati ya swali la pembe na swali la asilimia, na hakuna anayemwambia hili ni la aina gani. Afadhali ashuke kwangu, mezani, ambako kushuka kunarekebishika jioni hiyohiyo.

Wazo hili la kutomruhusu mtoto apite mpaka aweze ni la zamani. Benjamin Bloom, mtaalamu wa elimu wa Marekani, aliliandika mwaka 1968: darasani tunashikilia muda uwe uleule kwa wote na tunaacha viwango vitofautiane, tungeweza kushikilia kiwango na kuacha muda utofautiane. Mwalimu mwenye darasa lililojaa hawezi kulifanya hilo, hata akitaka. Muhtasari unasonga na yeye lazima asonge nao. Kwenye hili kompyuta haimdharau mwalimu, inambebea sehemu ya mzigo ambayo mikono yake miwili haitoshi.

Sasa madokezo, ambayo wazazi wengi hawayaelewi. Kila swali lina kitufe cha msaada kinachofungua hatua moja baada ya nyingine mpaka jibu. Mtoto akikifungua, swali lile linahesabiwa kama amekosa. Kutazama video hakumpunguzii chochote. Matokeo yake ni kwamba mtoto dhaifu, yule anayehitaji hatua zile kuliko wote, anaziogopa na kubahatisha. Mimi nawaambia hivi: mara ya kwanza kwenye zoezi jipya, fungua madokezo yote unayotaka, nakili hatua kwenye daftari, elewa kila mstari, kubali alama ziwe sifuri. Halafu lifanye zoezi upya bila kuyagusa. Maswali yanabadilika namba kila unaporudia, kwa hiyo kukariri jibu hakumfikishi popote.

Na daftari ni lazima. Hapa ndipo nusu nyota ilipoondoka. Programu inaona jibu, haioni njia. Mpe mtoto 10 - (x - 4) = 8. Jibu ni 6. Akiandika -2 ataambiwa ajaribu tena, na atajaribu tena kwa kosa lilelile, kwa sababu hakuna anayejua alikoseaje. Ukichungulia daftari unaona palepale: ameondoa mabano akaandika 10 - x - 4, alama ya nje haikumgusa yule 4 wa ndani. Dakika mbili za mtu mzima zinamaliza jambo ambalo lingemchosha mtoto jioni nzima. Video inaeleza vizuri sana jinsi ya kufungua mabano. Haiwezi kumwambia kwamba yeye, leo, mstari wa pili, amesahau.

Vivyo hivyo kwenye sehemu. Kuna mtoto aliyekuwa akijumlisha nusu na theluthi na kupata mbili ya tano, juu kwa juu, chini kwa chini. Alishatazama video ya kutafuta asili inayofanana, na aliifuata hatua kwa hatua, kisha kesho yake akarudia kosa. Nikamuuliza, mbili ya tano ni kubwa au ndogo kuliko nusu? Akafikiri. "Ndogo." Basi ulikuwa na nusu, ukaongezewa, ukaishia na kidogo kuliko ulichoanza nacho? Akanyamaza kwa muda mrefu, akafuta. Baada ya hapo nikamrudisha kwenye mazoezi ya kuweka sehemu kwenye mstari wa namba, ambayo Khan Academy inayo mengi na mazuri, na huko ndiko alikopona. Chombo kilifanya kazi yake. Lakini swali lile lilihitaji mtu aliyekaa karibu.

Kwa hiyo kwa mzazi anayeuliza kama anaweza kumpa mtoto simu na akaunti kisha akaendelea na shughuli zake, jibu langu ni hapana, kwa mtoto anayefeli. Mtoto anayefanya vizuri ataruka nayo peke yake. Huyu wetu atafungua, atabonyeza, atachagua herufi kwa kubahatisha, na mwisho wa wiki utaona dakika nyingi na ujuzi mchache. Fungua akaunti ya mwalimu au ya mzazi, hazilipiwi. Unaona amefanya nini, amepata ngapi, amekwama wapi, na katika akaunti ya mwalimu unampangia zoezi moja moja. Na huhitaji kujua hisabati kwa undani. Unahitaji kusoma daftari na kuuliza, "Hapa ulifanya nini?" Mara nyingi mtoto anaona kosa lake akiwa katikati ya kueleza.

Kuna wazazi wanaoniambia niache kuhangaika, mtoto ataamka kidato cha pili. Nawaomba wasisubiri. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago walichapisha mwaka 2005 ripoti kuhusu wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa sekondari wa jiji hilo. Waliomaliza mwaka huo wakiwa kwenye mstari, yaani wamekusanya masomo ya kutosha na hawakufeli zaidi ya nusu mwaka wa somo moja la msingi, walikuwa na uwezekano wa kuhitimu kwa wakati zaidi ya mara tatu na nusu kuliko waliotoka kwenye mstari. Na kipimo hicho cha mwaka wa kwanza kilitabiri kuhitimu vizuri zaidi kuliko alama walizokuja nazo kutoka shule ya chini. Mimi hilo linanipa moyo kwa ajili ya hawa watoto: alama walizoingia nazo hazijawafungia mlango, kinachotokea mwaka huu kina uzito zaidi.

Sayansi nitaipitia haraka. Kuna kozi za biolojia, kemia na fizikia za sekondari, na video za biolojia hasa ni nzuri kwa kuona jambo kama seli inavyogawanyika. Lakini mpangilio wake haufuati muhtasari wa shule yako, kwa hiyo ni juu yako kuchagua kipande kinacholingana. Vitendo vya maabara haviko. Tena mtihani wa shule unamtaka mtoto aandike maelezo kwa maneno yake, wakati huku sehemu kubwa ya mazoezi ni kuchagua au kujaza jibu fupi. Faida kubwa zaidi ya sayansi niliyoiona ilitoka kwenye hisabati. Mwambie mtoto kitu chenye tungamo la gramu 240 kina densiti ya gramu 8 kwa sentimita moja ya ujazo, atafute ujazo wake. Anazidisha, anapata 1,920. Densiti anaielewa, anaweza hata kukuelezea kwa nini mti unaelea. Asichoweza ni kugeuza fomula mpaka ujazo ubaki peke yake, agawe, apate 30. Au anaamini mita moja ya ujazo ina sentimita 100 za ujazo, wakati zimo 1,000,000. Rekebisha milinganyo na vipimo, na mwalimu wa fizikia atadhani kijana ameanza kusoma fizikia.

Lugha nimeipa nyota mbili na sitarefusha. Kuna mazoezi ya sarufi ya Kiingereza, safi kabisa, na ya kusoma kwa ufahamu. Mtoto anayefeli lugha hafeli kwa kukosa kuchagua kitenzi sahihi kati ya vinne. Anafeli kwa sababu hasomi kurasa za kutosha, na haandiki kitu ambacho mtu anakisoma na kumrudishia. Tafuta mtu huyo. Mwaka 2023 waliongeza msaidizi wa akili unde aitwaye Khanmigo, anayemuuliza mtoto maswali badala ya kumpa jibu. Huyo kwa mwanafunzi wa nyumbani ni wa kulipia, na tathmini hii haimhusu.

Lugha inagusa hisabati pia. Video nilizotumia ni za Kiingereza, na kwa mtoto ambaye Kiingereza bado kinampa tabu, dakika saba za maelezo ni mzigo wa pili juu ya ule wa kwanza. Tunawasha maandishi ya chini, tunapunguza kasi, na kila baada ya hatua tunasimamisha anieleze kwa Kiswahili kilichofanyika. Inachukua mara mbili ya muda. Lakini akishaweza kueleza kwa Kiswahili kwa nini alama iligeuka, nimeona haisahau tena, na yale maneno ya Kiingereza anayabeba kwenda nayo mtihanini.

Kwa asiye na intaneti ya uhakika, liko suluhisho ambalo wengi hawalijui. Programu ya bure iitwayo Kolibri, ya shirika la Learning Equality, inabeba video na mazoezi ya Khan Academy ndani ya kompyuta, hata ya zamani. Unapakua mara moja mahali penye mtandao mzuri, na kompyuta ile moja inawagawia wengine chumbani bila intaneti kabisa. Kolibri ina namna yake ya kuhesabu umahiri, ngazi nne nilizozieleza hazimo, kwa hiyo kundi langu linasomea na kufanya mazoezi humo, na majaribio ya kozi tunayafanya mtandaoni siku mtandao ukiwa mzuri.